Barua ya Kupumzishwa

Kwa soja, yaani mlinzi, wa usiku hapa Mombasa, hakuna neno tamu kama "rilivu". Mshahara huja mwisho wa mwezi na huja tayari umeshaliwa na maduka ya jirani. Rilivu huja kila siku, au ndivyo inavyotakiwa. Ni yule mwenzako anayekupokea zamu. Saa kumi na mbili asubuhi unamwona kwa mbali na chupa yake ya chai, na miguu yako inaanza yenyewe kuelekea feri. "Rilivu wako kafika?" "Wapi! Hata hajaonekana." Maneno hayo niliyasema na kuyasikia miaka minne langoni mwa ghala moja pale Shimanzi, nikaamini kwamba Kiingereza cha neno hilo nakijua ndani nje.

Hata kwenye karatasi ya mshahara lilikuwako. Palikuwa na mstari ulioandikwa "personal relief", na mbele yake shilingi 1,162. Karani alinieleza kwamba hicho ndicho kiasi ambacho serikali inakupunguzia katika kodi kila mwezi. Siku hizi ni 2,400. Basi nikaliweka neno hilo katika fungu la maneno ya heri: likija na mtu, unakwenda kulala, likija na hesabu, unabakiwa na kitu mfukoni.

Mwaka ulikuwa 2012. Jumamosi moja rilivu wangu hakutokea. Nikapiga simu kwa msimamizi, akaniambia nivumilie, mtu yuko njiani. Mtu huyo alikuwa njiani mpaka jioni, na jioni zamu yangu mwenyewe ikaanza upya. Yaani nilisimama usiku, mchana na usiku tena, nimekula viazi karai vya shilingi ishirini na maji ya mfereji. Alfajiri ya Jumapili nikakaa juu ya tairi bovu ili nifunge kamba za viatu. Sikumbuki kuzifunga. Nilichokumbuka ni tochi usoni na sauti ya msimamizi ikiniuliza kama nimelipwa kuja kuota.

Nilijitetea. Nikamwambia nina saa thelathini na sita sijalala, naomba nami nipumzishwe kama binadamu. Hakujibu, aliandika tu kwenye kitabu chake. Jumanne nikaitwa ofisini, nikapewa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye muhuri, na sentensi yake kubwa ilisema: "You are hereby relieved of your duties."

Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Kiingereza changu kilitosha kusoma namba za lori na majina ya kampuni za meli. Lakini "relieved" niliijua! Ndiyo ile ile ya rilivu. Nimelalamika kwamba sipumziki, nao wamenijibu kwa barua, tena yenye muhuri, kwamba nimepumzishwa. Nikamshukuru mama wa ofisini kwa mikono miwili. Alinitazama kwa namna ambayo siku ile niliiona kuwa ni upole. Sasa najua alikuwa akinishangaa.

Nikapita Marikiti nikanunua viungo, nikatafuta na samaki wa kupaka, nikavuka feri kwenda Likoni nimesimama mbele kabisa penye upepo kama mgeni aliyekuja kutalii. Nyumbani mama watoto alipika, tukala, nikalala mpaka magharibi. Nilipoamka alikuwa ameishika ile barua. Yeye Kiingereza hakijui kabisa, ila aliuliza swali moja ambalo mimi msomi sikuwa nimejiuliza.

"Sasa baba watoto, unarudi lini kazini?"

Nikaichukua, nikaigeuza mbele na nyuma. Tarehe ya kuanzia ilikuwapo. Ya kurudi haikuwapo.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja, baharia mstaafu, aliyefanya kazi kwenye meli za mizigo za kigeni tangu miaka ya sitini. Sote mtaani tukimwita ami. Jioni alikaa barazani na kahawa yake chungu, na watu walimletea barua za mahakama, za shule na za benki ili awasomee. Nilimwendea nikiwa na haja ndogo tu, anisaidie kuitafuta tarehe ya kurudi.

"Masalkheri, ami."

"Masalkheri, mwanangu. Ndoo ukae."

Akavaa miwani akaisoma. Akaivua. Akaivaa akaisoma tena.

"Barua hino nani kakusomea?"

"Nimejisomea mwenyewe, ami."

"Na ukafahamu nini weye?"

Nikamweleza habari za mapumziko. Hakucheka, na kwa hilo bado namshukuru. Alinimiminia kahawa kwanza, akangoja niinywe. Kisha akaweka kidole chini ya kineno kile kidogo, "of", akasema hicho ndicho chenye sumu. Wakisema tu wamekuri-livu, maana yake kaja mtu kukupokea mzigo, ukimaliza kupumzika mzigo utaurudia. Wakiongeza "of", angalia kinachofuata nyuma yake, kwa sababu ndicho kinachoondoka mkononi mwako. Hapa kinachofuata ni kazi. "Wamekutua kazi, mwanangu. Mzigo haukuwa mzito kwako, ulikuwa ndio riziki yako, lakini Kiingereza hakikuulizi."

Nikahisi samaki anageuka tumboni.

Sitaki kuwasema Waingereza kana kwamba sisi hatuna ufundi huo wa kufunika kombe. Waziri akiachishwa kazi, watu wa mjini husema "amepumzishwa". Wachezaji wa timu "hupumzishwa" msimu mzima. Tofauti ni kwamba Mswahili akisikia "amepumzishwa" hucheka kidogo, anajua kilichomo ndani. Mimi barua yangu ilinijia kwa lugha ambayo sikuwa na sikio la kucheka nayo.

Baadaye, kwenye ofisi ya leba, ofisa mmoja alinionyesha kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa kosa au kwa uzembe lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake kikaoni. Kwa lugha anayoielewa! Nilimwomba anisomee mara mbili. Mwisho wa mambo nililipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, na hadithi ya ghala ikaishia hapo.

Lakini barazani kwa ami niliendelea kwenda. Sikuwa na kazi, na yeye alipenda msikilizaji. Usiku ule wa barua aliniambia jambo ambalo lilinikaa kuliko barua yenyewe. Kwenye meli, alisema, kupokeana zamu ni ibada. Mtu wa zamu anakaa saa nne, anapumzika nane. Anayekuja hupanda mapema kidogo ili macho yake yazoee giza, kwa sababu ukitoka kwenye taa ukaingia usiku, dakika za kwanza wewe ni kipofu. Anasoma ramani, anauliza meli zipi ziko karibu, mashine ikoje, upepo ukoje. Anayeondoka haruhusiwi kumwachia usukani kama anamwona mwenzake amelewa au anasinzia, bali humwita kapteni. Na kama meli iko katikati ya kukwepa chombo kingine, hakuna kupokeana mpaka ukwepaji uishe.

"Na kwenye manowari za Wamarekani," akaongeza, kwa sababu zilikuwa zikitia nanga Kilindini enzi zake na alizungumza sana na mabaharia wao, "wana maneno mawili. Anayekuja husema: nakupokea. Anayeondoka hujibu: nimepokewa. Husema kwa sauti, watu wote wasikie. Hapo katikati ya maneno mawili meli haikosi mwenyewe hata nukta moja."

Angalia Kiswahili chake kilivyotua mahali pake. Kupokea. Mwanamke akirudi kisimani na ndoo kichwani, mtoto hukimbilia kumpokea. Mgeni akishuka basi la Lamu pale Mwembe Tayari na kikapu, unampokea kikapu kabla ya kumpa mkono. Neno la rilivu tulikuwa nalo siku zote, na tulilitumia kwa mambo ya maana zaidi ya lango la ghala.

Nilihangaika miezi kadhaa na vibarua vya bandarini mpaka binamu yangu akanitia kwenye kazi ya kuwatembeza wageni Ngome ya Yesu, Fort Jesus. Ilibidi nisome. Na humo vitabuni nikakutana tena na adui yangu.

Ngome, kwa wasioijua historia yake, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Machi 1696 Waomani waliizingira, na mzingiro ule ulidumu karibu miaka mitatu, mpaka Desemba 1698. Waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sasa kijitabu nilichokuwa nasoma kilisema kwamba mwaka 1697 ilikuja meli moja, Santo António de Tanná, "to relieve the fort".

Mimi baada ya ile barua, kila nilipoliona neno hilo niliona muhuri. Basi likaja darasa la watoto wa shule ya msingi, nikasimama mbele ya vitu vilivyotolewa kwenye meli hiyo, nikawaambia kwa sauti ya ujuzi kwamba meli ile ilitumwa kuja kuwafuta kazi Wareno wa ngomeni kwa sababu walikuwa wamezembea vita. Watoto wakaandika. Mwalimu wao, mama wa makamo aliyefundisha Kiingereza, alisubiri watoto waelekee kwenye mizinga, akaniita pembeni.

"Kaka, hiyo ya kufutwa kazi umeitoa wapi?"

Nikamwonyesha mstari. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikamsimulia habari ya barua, akaacha kucheka, kisha akacheka tena, sasa pamoja nami.

Akanieleza. Mji au ngome iliyozingirwa, anayeenda kui-ri-livu ni yule anayeuvunja mzingiro au kupenya na watu wapya, chakula na baruti. Kwa Kiswahili ungesema kunusuru. Hakuna kazi ya mtu inayopotea hapo. Halafu akanipeleka mbali zaidi: neno lenyewe Waingereza wamelipata kwa Wafaransa, nao walilirithi kutoka Kilatini, ambako "levare" ni kuinua na "levis" ni -epesi. Yaani kuinua tena, kupunguza uzito. Kwa hiyo ile ramani ya jiografia inayoonyesha milima na mabonde, na ule uchongaji ambao maua yanainuka kutoka kwenye ubao kama nakshi za milango ya Mji wa Kale, navyo vinaitwa kwa nomino hiyo hiyo, kwa sababu kuna kitu kimeinuka. Na mwisho wa neno, nomino huandikwa kwa f na kitenzi kwa v. Hilo la mwisho lilinisaidia sana kwenye kuandika.

Meli yenyewe, kwa taarifa, haikunusuru kitu. Ilizama chini ya ngome mwaka huo huo wa 1697, ikakaa hapo karibu miaka mia tatu mpaka wapiga mbizi wa akiolojia walipoifanyia kazi kuanzia 1977. Na msafara mwingine wa msaada kutoka Goa, koloni la Wareno huko India, ulifika siku chache baada ya ngome kuanguka. Rilivu aliyechelewa! Nikiwaeleza wageni sehemu hiyo nasikia uchungu ambao hauhusiani na Wareno.

Kazi ya kutembeza watu ilinifundisha mengine madogo madogo. Babu mmoja wa Kiingereza, katikati ya maelezo yangu kuhusu visima, alininong'oneza kwamba anahitaji "to relieve himself". Nikamchukua kwa heshima mpaka kwenye kivuli, nikamfutia benchi, nikamwambia akae apumzike kadiri anavyotaka. Alikaa. Kwa adabu zao alikaa kama dakika mbili, miguu imebana, kisha akauliza kwa Kiingereza ambacho hata kidato cha kwanza kinatosha: choo kiko wapi? Kumbe alitaka kujisaidia. Na hapo sina la kuwacheka, maana neno letu nalo ni mtego. Kijana mmoja wa kizungu aliyekuwa akijifunza Kiswahili alitafsiri ukarimu wa kwao neno kwa neno, akawaambia wageni wake mezani mbele ya sinia la pilau: "Jisaidieni, jisaidieni!"

Magazetini nako linachezewa. Utasoma kwamba mtu fulani alikuwa "relieved of his phone" kwenye matatu. Ni mwandishi anatania, ameibiwa tu, kama sisi tunavyosema vijana wamempunguzia mzigo. Angalia, "of" ile ile. Na likitumika kwa moyo, "I'm relieved", ni yule mtu aliyeshusha pumzi, roho imetulia baada ya hofu. Hiyo haihitaji maelezo. Daraja la kuelea la Liwatoni, lile la waenda kwa miguu lililofunguliwa mwishoni mwa 2020, lilisemwa limejengwa ili kui-ri-livu feri ya Likoni. Huko maana yake ni kupunguza msongamano, wala feri haikuachishwa kazi.

Lakini mahali neno hili liliponikamata koo hasa ni kwenye pumu ya binti yangu.

Alianza kubanwa kifua akiwa na miaka sita. Hospitali walitupa vipulizio viwili, cha buluu na cha kahawia, na maelezo ambayo mimi niliitikia yote, "ndiyo, ndiyo", kama watu wanavyoitikia wakiwa na mtoto mgonjwa mapajani. Nyumbani tukagundua wenyewe kipi ni dawa. Cha buluu ukimpulizia, baada ya dakika chache kifua kinafunguka, anaomba kwenda kucheza. Cha kahawia hatukukiona kinafanya lolote. Tukakiweka kabatini na cha buluu kikawa hakitoki mkononi. Kipulizio kile huwa na mipulizo 200. Sisi tulikuwa tukikimaliza kwa wiki chache, na mimi nilijisifu kwamba sikosi pesa ya kununua kingine.

Muuguzi wa kliniki, msichana mdogo lakini mkali, aliniuliza tunampulizia mara ngapi kwa wiki. Nikamwambia kila siku, usiku mara mbili tatu. Akaweka kalamu chini.

"Baba, hicho cha buluu kinaitwaje?"

Nikasoma kwenye karatasi yake. Kilikuwa kimeandikwa "reliever".

Nilibaki nimekitazama. Akaendelea kunieleza, na safari hii sikuitikia ovyo. Cha buluu kinalegeza misuli ya njia za hewa, zinapanuka, mtoto anapata nafuu ya saa nne, labda sita. Uvimbe ulio ndani ya njia zile hakiugusi. Cha kahawia ndicho kinachopunguza uvimbe, lakini taratibu, kwa siku na wiki, na hupulizwa kila siku hata mtoto akiwa mzima anakimbia, kisha anasukutua mdomo. Mtoto anayehitaji cha buluu kila siku, pumu yake haijadhibitiwa, na siku moja hakitatosha.

Sikumwambia nilichokuwa nafikiri. Nilikuwa naliona lango la ghala. Rilivu ni mtu wa kushika zamu ili mwenye zamu apumzike. Mimi nilikuwa nimemfungia soja mwenyewe kabatini, nikamweka rilivu peke yake langoni usiku na mchana, usiku na mchana, na nilijua kwa mwili wangu mtu wa namna hiyo huishia wapi.

Tukaanza upya na cha kahawia. Haikuwa muujiza. Wiki mbili za kwanza bado tulikesha, mmoja wetu ameketi na mtoto ili mwingine alale, kwa sababu asubuhi mimi nina wageni ngomeni na mama watoto ana mahamri ya kuuza. Ami wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini desturi yake ya melini tulikuwa nayo chumbani. Ilianza kama mzaha wangu, ikawa kanuni.

Usiku mmoja mama watoto aliingia saa tisa, leso imemkaa upande. Binti alikuwa katikati ya kukohoa, nimemkalisha wima. Mama akanyoosha mikono amchukue. Nikamwashiria asubiri. Tulikaa hivyo watatu mpaka kikohozi kikapita na pumzi ikarudi kwenye mwendo wake.

"Umeamka kweli, au macho tu?" nikamuuliza.

"Nimeamka. Sema."

"Kapulizwa buluu saa nane kasoro. Kahawia alipata magharibi, kasukutua. Maji kanywa nusu kikombe. Mto wa pili usiutoe."

Akakaa, akamweka kichwa kifuani pake, akapiga miayo mirefu.

"Haya," akasema. "Nimekupokea."